Kizingiti cha Mlango wa Uani

Jumamosi moja, baada ya swala ya alasiri, Adila alikaa ukingoni mwa kitanda akichambua pamba. Aliifinyanga vidonge vidogo, akavijaribu kwenye tundu la sikio lake mwenyewe, akaona bado vikubwa, akavipunguza. Mwanawe Pazi alikuwa chali katikati ya kitanda akilia, kama alivyolia tangu asubuhi, na jana, na juzi. Homa hakuwa nayo. Tumbo halikujaa. Kliniki walimpima wakasema mtoto mzima, uzito mzuri, mama ajitahidi kupumzika.

"Unakwenda tena karakana?" aliuliza mama yake, Bi Kuruthumu, aliyekuwa mkekani akichagua mchele.

"Leo tunakwenda wote, mama."

"Mimi kichwa changu bado nakihitaji."

"Pamba yako hii hapa. Nimeikata kubwa."

Karakana ndilo jina Bi Kuruthumu alilowapa Kutu, bendi ambayo binti yake aliipenda kuliko kitu chochote kisichokula chakula. Kutu walikuwa watu watatu. Kulwa, mwanamke mnene wa mabega, alipiga ngoma, na ngoma zake zilikuwa tangi la maji lililokatwa katikati, mapipa mawili ya lami na msondo aliorithi kwa babu yake. Abdulswamad alikuwa na ubao wa mninga mrefu kama kitanda, uliofungwa nyaya nne nene, na alipougusa miguu ya watu ndiyo ilisikia kwanza, masikio baadaye. Nilesh, ambaye kwao wana duka la vifaa vya ujenzi pale Bagamoyo mjini, alishika gitaa. Asiposhika gitaa alishika mashine ya kukatia vyuma, akailaza juu ya shiti la bati mpaka cheche zikaruka. Hakuna aliyeimba. Pigo moja liliweza kurudiwa na kurudiwa mpaka msikilizaji akasahau alikuwa anasubiri nini, na hapo ndipo, kwa maneno ya Adila, wimbo ulikuwa unaanza.

Aliwasikia mara ya kwanza kabla hajaolewa, wakati akiwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa anapita tu, katoka kununua vifungo. Besi ikamwingia mbavuni, ikamshika kama mtu anavyoshika ndoo ili isimwagike. Alisimama palepale mpaka mwisho, vifungo vikiwa mkononi. Tangu siku hiyo akawa mtu wa Kutu. Fulana yao nyeusi aliishona mwenyewe, maana zile za kuuza zilimbana mabegani. Kipande cha waya wa Abdulswamad uliowahi kukatika alikiweka kwenye pochi, pamoja na kitambulisho. Na alikuwa tayari kugombana na yeyote aliyesema Kutu walikuwa wazuri zamani, kabla Nilesh hajaanza mambo yake ya mashine.

Watu walisema ni kelele, naye hakuwabishia. Lakini kelele alizijua. Kelele ni honi za malori ya barabara ya Dar, ni redio ya jirani, ni mwenye nyumba anapotikisa funguo zake koridoni. Kutu walipopiga, hayo yote yalizimika, na Adila akapumzika. Mumewe Najim aliendesha lori la kokoto kutoka Lugoba, akirudi nyumbani Jumapili na vumbi mpaka kwenye kope. Muziki ule hakuupenda hata kidogo. Hata hivyo alikuwa akimwambia, "Wewe nenda. Ukitoka huko unarudi mtu."

Mjini Kutu walifukuzwa kila mahali. Mwenye gesti alisema wageni wake wanadai kurudishiwa pesa. Mwenyekiti wa mtaa, tena kwa upole kabisa, alisema kuku wa wanawe wameacha kutaga. Wakatafuta mahali ambapo hapana mtu wa kulalamika, na pa namna hiyo palikuwa mahali pamoja tu. Palikuwa Mitopeni.

Mitopeni ndiko alikozaliwa Adila. Kilikuwa kitongoji upande wa baharini ukitoka Zinga, nyumba za udongo na chokaa, minazi, mitopetope, na choo cha kila mtu nyuma ya nyumba yake. Kisha ukaja mradi. Mradi wenyewe ni wa nini, hakuna aliyeelezwa vizuri. Kibao cha getini kilikuwa na picha ya jengo la vioo, lakini jua lilishaifuta, ikabaki mbingu yake tu. Alikuja afisa na kopo la rangi nyekundu, akapiga X kwenye ukuta wa kila nyumba. Wakaambiwa watoke, viwanja vyao vipya wataonyeshwa, wawe na subira. Tingatinga likaja, likafanya kazi yake kabla ya adhuhuri. Watu wakaenda kupanga vyumba Zinga na kwingineko, wakawa na subira. Uzio ukajengwa. Ndani ya uzio yakaota majani, na mlinzi mmoja, Seleman, akaajiriwa kuyalinda.

Seleman aliwaruhusu Kutu kwa masharti mawili: wasichome majani, na magharibi ikiingia kila mtu awe ameshatoka getini.

Nyumba zilirudi siku Nilesh alipoleta rekodi ya tingatinga. Ile siku ya kubomoa alikuwa amefika Mitopeni kumshushia mteja mifuko ya saruji, ambayo mteja hakuihitaji tena, na kwa kuwa yeye hurekodi kila kitu, akarekodi na hilo. Aliipunguza mwendo ile sauti, akaiweka chini kabisa, chini ya ubao wa Abdulswamad, na Kulwa akaipigia tangi juu yake. Adila alikuwepo, tumbo likiwa limeshaanza kumtangulia.

Ilianza misingi. Kisha kuta zikapanda taratibu, kisha miti ya paa, na mwisho bati, moja moja, kila bati likiingia na mlio wake, hata ikabidi Kulwa abadilishe pigo ili mabati yasimharibie. Nyumba ziliijua ile sauti. Ndiyo ya mwisho ziliyoisikia. Zilikuja kama zilivyokuwa asubuhi ile, tupu, milango wazi, X nyekundu ukutani. Kijana mmoja wa chuo cha sanaa, aliyekuwa anatikisa kichwa mahali palipokuja kuwa jiko la mtu, aliomba radhi akatoka. Muziki uliposhuka, nyumba zilififia. Muziki ulipokoma, ziliondoka, bati kwanza.

"Leo sauti imekaa vizuri," alisema Nilesh akikunja nyaya.

Habari zikawafikia watu wa Mitopeni huko walikopanga. Jumamosi iliyofuata walikuja na mikeka na mifagio. Wengine walifagia vyumba vyao, wengine walikaa tu barazani wakitazamana na majirani wa zamani, kwa kuwa kwa kelele ile hapakuwa na uwezekano wa kuzungumza. Mashabiki nao walizoea. Walipiga hodi, walivua viatu, na wale walioegemea walichapwa na kina mama kwa pembe ya kanga: "Toa mguu ukutani, hapa si kwenu."

Bi Kuruthumu peke yake hakwenda.

"Nilishahama pale," alisema. "Kuhama mara moja kunatosha. Nyie mnaotaka kuhama kila Jumamosi, nendeni."

Na Adila hakumlazimisha. Hata yeye alipokwenda alisimama mbele ya spika, mgongo akiipa nyumba yao. Alikuwa amefuata muziki.

Kisha Pazi akazaliwa, akapewa jina la babu yake, marehemu baba yake Adila. Kitovu chake kilipokatika, Bi Kuruthumu alikifunga kwenye kipande cha kanga, akakitia ndani ya kikopo cha mafuta ya mgando, akakaa nacho mkononi muda mrefu. Kwao vitovu vyote vilizikwa chini ya kizingiti cha mlango wa uani: cha marehemu Pazi mwenyewe, cha Adila, cha kaka zake wawili. Ndivyo ilivyokuwa, na mtoto ambaye kitovu chake hakijawekwa mahali hajui amefika. Huyu hakujua. Alilia kama msafiri aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Adila alimwendea mwenye nyumba, Bi Zaina, kuomba kajisehemu kadogo nyuma ya banda la kuku.

"Weee! Nyumba ya kupanga haizikwi kitovu," alisema Bi Zaina. "Mpangaji aliyekutangulia alizika, akahama. Mtoto yule mpaka leo anakuja kukaa pale kwenye banda. Nampa uji, nifanyeje? Sina uji wa mwingine."

Kikopo kikakaa juu ya kabati. Adila alimbeba mtoto kwa bega hili, akahamishia lile, akatembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi. Alinyonyesha akiwa amesinzia, alisinzia akiwa anafua. Siku moja aliamka akakuta ameshika pasi ya mkaa na mtoto mgongoni, na hakukumbuka ni nani aliyeiwasha. Zile Jumamosi za arobaini alikaa ndani, simu sikioni, akisikiliza Kutu aliowarekodi mwenyewe, sauti nyembamba kama inzi kwenye chupa. Haikumshika popote. Lakini akiwa anasikiliza ndipo alipopiga hesabu yake, na alipotoka arobaini alimwambia mama yake. Mama yake aliendelea kuchagua mchele. Siku ya pili aliuliza, "Na tindo tutapata wapi? Kile kizingiti baba yako alikiwekea saruji."

*

Seleman aliwafungulia geti mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu."

"Marahaba, mwanangu. Bado unalinda majani?"

"Bado, bibi. Yamerefuka sasa, ukiyaona utayapenda."

Kutu walikuwa wanafunga nyaya. Adila alimfuata Kulwa, aliyekuwa anajizungushia plasta vidoleni, na kabla hajasalimia vizuri akasema, "Dada Kulwa, leo naomba ile ndefu."

"Ipi? Zote ndefu."

"Ile mliyopiga Jumamosi ya mvua, jenereta lilipofunikwa turubai. Tingatinga linaanza peke yake, halafu wewe unaingia na pipa la kushoto, halafu unalitupa pipa unakaa na tangi tu."

Kulwa alimtazama. "Ile haina mwisho. Ndiyo tatizo lake. Tuliikata kwa sababu mafuta yaliisha."

"Ndiyo hiyohiyo."

"Una mtoto mchanga, unataka wimbo usio na mwisho. Najim anajua?"

Adila alitoa kikopo kwenye mkoba, akakifungua kidogo. Kulwa alichungulia. Alikuwa mtu wa Pwani naye; hakuhitaji kuelezwa.

"Kizingiti cha udongo?"

"Saruji."

"Mh." Alifungua plasta nyingine. "Basi ngoja ninywe maji kwanza. Wewe Nilesh! Ongeza mafuta kwenye hilo jenereta, leo kuna kazi."

Wakaanza. Tingatinga likanguruma chini kwa chini, na Adila, aliyekuwa hajasimama mbele ya spika zile tangu ajifungue, alisikia mbavu zake zinafunguka. Alitamani abaki pale kidogo, dakika moja tu. Misingi ilikuwa inatoka ardhini. Akaupa muziki mgongo, akaelekea nyumbani.

Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka mtopetope mkubwa. Bi Kuruthumu alisimama mbele yake mpaka bati la mwisho lilipotulia. Kisha akavua ndala, akaziweka palepale alipokuwa akiziweka siku zote, upande wa kushoto wa mlango, akaingia. Ndani palikuwa na alama nne za miguu ya kitanda sakafuni, msumari wa kalenda bila kalenda, na ule weusi wa ukutani juu ya mahali pa kibatari. Alipita chumba kwa chumba akigusa kuta kwa kiganja. Alipotoka nje tena aliiona X. Alichukua kitambaa cha mtoto, akakilowesha kwa maji ya kunywa, akaanza kuisugua.

Adila alimlaza Pazi kwenye mkeka, pamba masikioni, kanga kichwani. Mtoto alikuwa analia, lakini alionekana tu. Sauti yake haikusikika. Adila akapiga magoti kwenye mlango wa uani, akaweka tindo aliloazima juu ya saruji ya baba yake, akapiga nyundo ya kwanza.

Baba yake alikuwa mtu wa kufanya kitu kikafanyika. Saruji ilitoa vumbi, haikutoa kitu kingine. Adila akajikuta anapiga pamoja na Kulwa, nyundo ikiangukia palepale linapoangukia pigo la tangi, na kwa namna hiyo hakuchoka upesi. Muziki ulimfikia kupitia ukutani, mnene na wa mbali, kama wa jirani. Aliujua kila unapogeuka. Hapa Abdulswamad anashuka. Hapa Nilesh anaacha gitaa. Hapo vijana kule mbele wanapiga kelele, na yeye hayupo.

Mtu akapiga hodi.

Alikuwa ni afisa, amevaa kizibao cha kung'aa, kopo la rangi mkono mmoja na brashi mkono mwingine. Alikuwa amesikia kwamba kuna watu wamejenga upya ndani ya eneo la mradi. Aliwaamkia vizuri, na mazungumzo yote yakawa ya kupaza sauti.

"Nani kajenga hapa, bi mkubwa?"

"Marehemu mume wangu."

"Lini?"

"Wewe hujazaliwa."

Afisa alitikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi, akachovya brashi, akatafuta mahali. Ndipo alipoona X ile ambayo Bi Kuruthumu alikuwa ameinamia. Akaisogelea. Ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Mguu mmoja umepinda, maana siku ile rangi ilikuwa nyepesi ikachuruzika. Alikwenda kuangalia nyumba ya jirani, na iliyofuata. Zote zilikuwa na alama. Alirudi akiwa na uso wa mtu aliyekuta kazi imeshafanyika.

"Ziko sawa," alisema. "Zimeshawekewa."

"Na viwanja vyetu?" aliuliza Bi Kuruthumu.

"Viwanja?"

"Mlisema tutaonyeshwa."

"Aa. Suala hilo lipo juu."

"Juu wapi, mwanangu?"

Afisa alinyoosha kidole. Juu palikuwa na bati. Wote wawili walilitazama kwa muda, likitetemeka kwa besi.

"Na hiyo alama, bi mkubwa, usiifute."

"Siifuti. Naosha ukuta wangu."

Afisa alionekana kulifikiria jibu hilo, lakini kelele zilikuwa zimeshamzidi. Alikunja uso, akaweka kopo chini, akajiziba masikio kwa viganja. Aliuliza kwa ishara kama kuna pamba. Bi Kuruthumu alichomoa ya sikio lake la kulia, akampa. Afisa alishukuru, akaigawa mara mbili, akajiziba, akachukua kopo lake akaondoka, akipita kando ya mashabiki kwa adabu.

Bi Kuruthumu aliendelea kusugua, sikio moja wazi. Baada ya muda aliinua kichwa, akamgeukia binti yake.

"Huyu wa tangi," alisema kwa sauti kubwa, "anajua anachofanya."

Adila hakuwa na nafasi ya kufurahi. Wakati huohuo huko mbele kulisikika mlio mkali, wa kukatika. Aliujua. Waya mnene wa Abdulswamad umekwenda. Besi ikatoweka chini ya wimbo kama ngazi iliyoondolewa, na mabati yakaanza kuondoka. Lile la juu ya jiko, kisha la chumbani. Jua likaingia sakafuni. Saruji ilikuwa imepasuka mstari mmoja tu.

"Mama!"

Mama yake aliacha ukuta, akaja, akamshika mtoto. Miti ya paa ikawa inaonekana na haionekani. Adila akapiga. Alisikia pipa la kushoto likianguka, lile ambalo Kulwa hulitupa, na akajua kwamba hawakuukata wimbo: Kulwa amebaki na tangi peke yake. Tangi na tingatinga. Pigo moja, halafu palepale tena, halafu tena. Kuta zilitetemeka, zikasimama. Nilesh akailaza ile mashine juu ya shiti, na sauti yake ikapita juu ya nyumba kama bati la kuazima.

Tindo likazama. Kipande cha saruji kikang'oka, na chini yake palikuwa na mchanga mweusi, baridi, wenye unyevu ambao haukukauka wakati wote ule. Hapakuwa na cha kuona. Hakutarajia kuona. Alichimba kwa vidole, akalegeza fundo la mkoba, akakifungua kikopo. Mama yake aliinama na mtoto mkononi, akasema bismillahi, akakipokea kile kifurushi cha kanga, akakilaza mwenyewe.

"Mpeleke kwa babu yake," alisema, na Adila hakujua alikuwa anaiambia nyumba au ardhi.

Wakafukia. Adila alirudisha kipande cha saruji mahali pake, akakikanyaga kwa kisigino.

Pazi akanyamaza. Mdomo wake ulifunga, ngumi zake zikafunguka, moja kisha ya pili, na akalala usingizi wa kweli, ule wa kutoa mate. Adila alikaa kitako kwenye kizingiti akamtazama. Mama yake naye akakaa. Walikuwa wamechoka kiasi kwamba hata furaha ilibidi isubiri zamu yake.

Kulwa alipiga mpaka plasta zote zikatoka vidoleni, halafu akaacha, kwa kuwa mikono ni mikono. Nyumba ikaondoka. Iliondoka na miti yake, na kuta, na ule weusi wa kibatari, na mwisho kizingiti, kwa utaratibu, kama mgeni anayeaga. Adila na mama yake wakawa wamekaa kwenye majani. Hapakuwa na shimo. Hapakuwa na kipande cha saruji. Tindo lilikuwa mkononi, na vumbi jeupe juu yake.

Pazi akafungua macho, akawatazama, akaanza kulia.

Bi Kuruthumu alimsikiliza kidogo kwa lile sikio lililo wazi.

"Kumbe ndiyo hivyo," alisema.

"Ndiyo hivyo, mama."

Seleman alikuwa anakuja akigonga fimbo kwenye uzio. Magharibi ilikuwa imekaribia.

*

Sasa wanakwenda kila Jumamosi. Najim ameomba kubadilishiwa zamu, na zamu ikibadilika huja naye, akaeneza mkeka palipo na alama za kitanda, akalala na vumbi lake, mwanawe kifuani. Wanalala wote wawili tangu bati la mwisho linapoingia mpaka la kwanza linapotoka. Siku nyingine za wiki mtoto analia, na Adila anatembea naye kutoka kitandani hadi dirishani. Hesabu anaijua. Anahesabu siku kuelekea Jumamosi.

Kutu wametengeneza wimbo mpya, mgumu kuliko yote, na wanaosimama mbele wanasema hakujawahi kutokea kitu kama kile. Adila hajausikia akiwa mbele. Anausikia akiwa amekaa kizingitini, mguu mmoja ndani, mguu mmoja uani, na fulana yake nyeusi mwilini. Mahali hapo besi inamfikia kwa chini, kupitia saruji. Inamshika nyonga badala ya mbavu. Anasema si mbaya. Alimwambia Kulwa kwamba katikati pale, tangi linapobaki peke yake, waliachie zaidi, wasiogope, na Kulwa akasema atajaribu.

Viwanja bado viko juu. Kibao cha getini kimeanguka, Seleman amekisimamisha, kimeanguka tena.

Na kila Jumamosi nyumba inakuja na alama yake ukutani, nyekundu kama ya leo, mguu mmoja umepinda. Bi Kuruthumu anaikuta, anaweka ndala zake upande wa kushoto, anakunja mikono ya gauni, anaanza. Sikio la kulia haliwekei pamba siku hizi. Wiki iliyopita, Kulwa alipoacha na bati la kwanza likawa linakwenda, alikuwa amefika karibu nusu ya mguu ule uliopinda. Alirudi nyuma hatua moja akaitazama kazi yake. Akakikamua kitambaa. Maji yakatoka mekundu.

"Jumamosi ijayo," alimwambia Adila, "mwambie Nilesh aje na brashi ya waya. Dukani kwao zipo."